Choo Kigumu kwa Mjamzito: Anzeni na Chungu cha Nyumbani

Hotuba ya muuguzi mkunga kwa wajawazito na familia zao, Ujiji, Kigoma

Mwakeye, mama zangu na dada zangu. Asalaam aleikum, Bwana Yesu asifiwe. Nawashukuru wahudumu wa afya ngazi ya jamii waliopita nyumba kwa nyumba kuwaita, na nawashukuru akina baba mliokubali kuja kwenye mkutano ambao wengi huuita wa wanawake. Nawaona mmekaa kule nyuma. Sogeeni, maana sehemu ya haya inawangoja ninyi.

Leo siongelei malaria wala kifafa cha mimba. Naongelea choo. Naongelea mama anayekaa siku nne bila kwenda haja kubwa, na siku ya tano anatoka msalani machozi yanamtoka, jasho linamtiririka, na mwisho anaona tone la damu kwenye karatasi. Najua mbele ya mkwe jambo hili halitamkwi. Hata kliniki mama atatueleza kiungulia, atatueleza kiuno, atatueleza miguu kuvimba, na hili la choo analitaja akiwa ameshasimama kuondoka, kwa sauti ya chini, au halitaji kabisa. Hii leo nataka litajwe kwa sauti, kwa sababu lisipotajwa linakwenda kuharibu jambo lingine kubwa zaidi, nami nitalifikia.

Kwanza mjue si ugonjwa wa ajabu, na haumpati mama mchafu au mvivu. Katika tafiti mbalimbali, wajawazito wanaopata shida hii hufika mpaka karibu 4 kati ya 10. Sisi tunaihesabu kuwa shida pale mama anapopata choo chini ya mara 3 kwa wiki, au choo kikiwa kigumu kama kokoto, au akilazimika kujikamua, au akitoka akiwa anahisi hajamaliza. Anayekwenda siku moja ndiyo, siku moja hapana, na choo ni laini, huyo hana shida. Asijitafutie dawa.

Kinachotokea ni hiki. Mimba inapoingia, mwili hutengeneza homoni iitwayo projesteroni kwa wingi. Kazi yake mojawapo ni kutuliza misuli ya mji wa mimba ili usijikaze na kumtoa mtoto kabla ya wakati. Lakini projesteroni haichagui misuli. Inatuliza na ya utumbo. Chakula kinatembea polepole. Na utumbo mpana kazi yake ni kunyonya maji, kwa hiyo kadiri mabaki yanavyokawia humo ndivyo yanavyozidi kukauka, kama dagaa waliosahauliwa juani pale Kibirizi. Miezi ya mwisho mtoto naye anakuwa mzito, mji wa mimba unakandamiza utumbo wa nyuma, na njia inabana. Mama akijikamua kila siku kwa namna hiyo, mishipa ya njia ya haja kubwa inavimba, na hapo bawasiri imeingia.

Halafu tunaongeza sisi wa kliniki. Tunampa vidonge vya kuongeza damu.

Hapa ndipo nilipotaka tufike. Vile vidonge vya madini chuma na asidi ya foliki tunavyowapa kila mwezi, ni kweli vinaweza kukaza choo. Tusiwafiche. Madini chuma mengine hayanyonywi, yanabaki tumboni, choo kinakuwa cheusi na mara nyingi kigumu. Mama akishaona hivyo, anafanya hesabu yake mwenyewe: kabla ya vidonge nilikuwa nakwenda, baada ya vidonge siendi, basi vidonge ndivyo adui. Anavifunga kwenye kitambaa, anavisukumia mvunguni mwa kitanda. Mwezi unaofuata anakuja, tunamuuliza, “Unameza?” Anasema, “Nameza.” Tunampa vingine. Kitambaa kinanenepa, damu inapungua.

Na damu ndiyo akiba ya siku ya kujifungua. Kutokwa damu nyingi baada ya kujifungua ni miongoni mwa sababu kuu zinazoua akina mama duniani na hapa kwetu Tanzania. Mwanamke aliyeingia chumba cha kujifungulia akiwa na damu ya kutosha anaweza kupoteza kiasi fulani tukawahi kumsaidia. Aliyeingia akiwa amepauka, kiasi hicho hicho kinaweza kumwondoa. Kwa hiyo mtu akiniambia kwamba choo kigumu ni kero ndogo ya wajawazito, simwelewi. Ni kero inayomfanya mama aache kidonge kinachomlinda. Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa mwaka 2016 wa huduma za wajawazito, linataka kila mama apate miligramu 30 hadi 60 za madini chuma kila siku, na mwongozo huo huo unaielekeza kliniki ianze kutibu choo kigumu kwa chakula. Mambo hayo mawili yamo kwenye kitabu kimoja kwa sababu yanakwenda pamoja.

Basi tuingie chunguni.

Ndani ya utumbo wetu mpana wanaishi bakteria, matrilioni kwa matrilioni. Tumezoea kusikia bakteria tukafikiria kipindupindu, lakini wengi wa hawa ni wema, wanatufanyia kazi. Wanakula kile ambacho sisi tumeshindwa kukimeng’enya. Kuna aina za nyuzinyuzi na sukari ngumu ambazo hupita tumboni, hupita utumbo mwembamba zikiwa nzima, zikafika kwa bakteria hao nao wakazichachusha. Tangu mwaka 1995 wataalamu wanaviita vyakula vya namna hiyo prebayotiki. Bakteria wakishakula wanaongezeka, nao ni sehemu kubwa ya uzito wa choo. Choo kinapata ujazo na ulaini. Tena wanatoa asidi laini ambazo zinalisha ukuta wa utumbo na kuuamsha usukume. Hakuna kinachoingia kwa nguvu. Ndiyo maana kwa mjamzito naipenda njia hii kuliko nyingine zote: kazi yake kubwa inafanyika mle mle utumboni.

Msidhani ni chakula cha dukani chenye maandishi ya kizungu. Mkoa wetu wa Kigoma umejaa. Maharage ya Kasulu na Kibondo yanayopakiwa kwenye malori kwenda mikoani, hayo ni prebayotiki ya daraja la kwanza. Kunde, mbaazi, choroko, vivyo hivyo. Kikombe kimoja cha maharage yaliyopikwa kina nyuzinyuzi gramu 11 hadi 15, na mjamzito anahitaji kama gramu 28 kwa siku nzima. Maana yake kikombe kimoja kimekufikisha karibu nusu ya safari, na bado hujagusa mboga wala tunda.

Najua mtakaloniambia: maharage yanajaza gesi. Ni kweli. Gesi ile ni bakteria wanachachusha, ni kazi inaendelea. Lakini kwa mama ambaye tumbo limeshajaa mtoto, gesi ni mateso. Kwa hiyo usiamke kesho ukala bakuli. Anza na vijiko vitatu au vinne vya maharage kwenye mlo wa mchana. Kaa navyo siku kadhaa, tumbo lizoee, kisha ongeza. Loweka maharage usiku kucha, asubuhi mwaga maji yale, weka maji mapya, pika mpaka yaive kabisa yapondeke kwa vidole. Kuloweka kunaondoa sehemu ya zile sukari zinazoleta gesi, na zinazobaki zinatosha kuwalisha wale bakteria. Wanaopika maharage nusunusu kwa sababu mkaa umepanda bei, nawaelewa, lakini maharage mekundu yasiyoiva vizuri yana sumu inayotapisha, hivyo hapo tusibane. Kuloweka kwenyewe kunaokoa mkaa.

Cha pili ni kitunguu. Kitunguu maji na kitunguu saumu vina nyuzinyuzi iitwayo inulini, ambayo bakteria wema wanaipenda sana. Tena kitunguu tunacho kila jikoni, ila tunakitumia kama harufu: kimoja kwa sufuria ya watu wanane. Weka viwili, vitatu. Tengeneza kachumbari. Kikiliwa kibichi hakipotezi kitu, lakini kioshe kwa maji safi yaliyochemshwa, na nyanya vilevile. Sisi wa mkoa huu hatuhitaji kukumbushwa kipindupindu. Mwaka 2015 kilitupiga kuanzia kijiji cha Kagunga, na mjamzito akiharisha kwa namna ile hali yake na ya mtoto inakuwa mbaya haraka. Kitunguu saumu kiliwe kama kiungo cha chakula. Wale wanaomeza punje nyingi kila asubuhi kama dozi, mimi siwashauri wakiwa na mimba.

Matunda sitayataja yote. Parachichi linaloiva mpaka linaoza chini ya miti yetu, gramu 100 zake zina nyuzinyuzi kama gramu 7. Nusu parachichi kila siku ni zawadi ambayo mume anaweza kuileta bila kukopa. Pera, kwa gramu 100 hizo hizo, lina kama gramu 5, liliwe na ganda lake baada ya kuoshwa. Msimu wa maembe ukifika, Ujiji hii ya miembe kila kona, hakuna kisingizio. Kula embe lenyewe, usikamue juisi ukatupa nyama, maana unatupa kile unachokitafuta. Papai liwe bivu kabisa, la njano ndani. Papai bichi lina utomvu ambao haumfai mjamzito. Ndizi mbivu yenye madoa ni nzuri. Ndizi mbichi za kupika zina wanga sugu, yaani wanga ambao tumbo haliumeng’enyi, nao unalisha bakteria, ila wapo akina mama ambao zinawafunga zaidi. Ukiona hivyo, punguza, usibishane na tumbo lako. Mwenye kisukari cha mimba aongee nasi kabla ya kuongeza matunda, tumpangie.

Viazi vitamu navyo vikichemshwa vikaachwa vipoe, sehemu ya wanga wake hugeuka kuwa sugu. Chemsha asubuhi, kula vimepoa mchana wa siku hiyo hiyo. Sisemi mle viporo vya juzi. Wali uliolala nje kwenye joto hili la ziwani unaota vijidudu vinavyotapisha.

Ugali wetu wa muhogo unashibisha, nao ni chakula cha heshima, sitauponda. Lakini mlo wa bonge kubwa la ugali na vijiko viwili vya mchuzi wa mgebuka hauna cha kusukuma choo. Samaki ana protini na ana madini, ila hana nyuzinyuzi hata moja, wala nyama haina. Kwa hiyo bonge lipungue, matembele au kisamvu au mchicha ujaze nusu ya sahani. Anayekula ugali wa mahindi achague dona badala ya sembe. Kilichoondolewa kwenye sembe ndicho tumbo lilichokihitaji. Mawese pikieni kama kawaida, rangi yake ina faida ya vitamini A, lakini kunywa kikombe cha mawese ili “kulainisha” hakuna haja.

Mtindi nao unasaidia baadhi ya watu, kwa kuwa unaleta bakteria wema wenyewe. Uwe umetokana na maziwa yaliyochemshwa kwanza. Maziwa mabichi yana magonjwa yanayoharibu mimba.

Sasa maji, na hapa nitakawia kidogo, kwa sababu nyuzinyuzi bila maji ni kuongeza tatizo. Ukila maharage na mboga nyingi ukanywa maji kidogo, choo kinakuwa kikubwa na kikavu. Tunasema glasi 8 hadi 10 kwa siku, na zaidi kwa anayefanya kazi juani. Lakini nimewauliza akina mama wanaoanika dagaa na wanaokaanga samaki mwaloni kwa nini hawanywi, na jibu ni moja: nikinywa nitakojoa, na nikojoe wapi? Choo kiko mbali, au kinalipiwa, au hakina mlango. Hivyo anafunga kinywa tangu alfajiri mpaka jioni. Haja kubwa ikimjia saa nne asubuhi anaibana. Akiibana leo na kesho, utumbo unaacha kumwita. Hili halitibiki kwa maharage.

Ndiyo maana nikaomba akina baba waje. Baba, choo chenye mlango unaofungwa, chenye taa au tochi usiku, na njia isiyo na matope, ni matibabu ya mkeo. Ndoo mbili za maji asubuhi ni matibabu ya mkeo. Mwacheni anywe chai au uji wa moto akiamka, kisha apewe nafasi ya robo saa bila kuitwa, bila mtoto mlangoni, kwa sababu baada ya kifungua kinywa ndipo utumbo wa binadamu unapoamka kusukuma. Nafasi hiyo ikipita anaweza kupitwa mpaka kesho. Wenye choo cha shimo mnachuchumaa, na mkao huo ndio mzuri. Mama mwenye mimba kubwa awekewe kitu imara cha kushikilia asianguke. Wenye choo cha kukaa, aweke miguu juu ya kigoda kifupi, magoti yapande, asijikamue. Na atembee. Anayelima anatembea vya kutosha. Anayekaa kwenye genge kutwa nzima ajitahidi nusu saa jioni, upepo wa ziwa ukivuma.

Kuhusu vidonge vya damu: meza pamoja na chungwa au tunda lenye uchachu, usimeze na chai wala kahawa, maana vinazuia madini yasinyonywe. Tumbo likiuma, meza usiku baada ya chakula. Choo kuwa cheusi kwa sababu ya vidonge hakuna ubaya. Ikishindikana kabisa, usiviache, njoo tubadilishe aina au mpangilio. Kupunguza au kusimamisha ni uamuzi wa kufanyia kliniki.

Yako mambo nayakataza, nami nayakataza kwa moyo wote. Mafuta ya nyonyo usinywe. Yanaamsha utumbo kwa kuukasirisha, na mji wa mimba nao unaweza kuanza kujikaza. Chumvi ya haluli usinywe. Mizizi ya kuchemsha ya “kusafisha tumbo” usinywe, hata kama aliyekupa ni bibi yako anayekupenda, kwa kuwa hakuna anayejua kipimo kilichomo kwenye kile kikombe. Kuingiziwa maji ya dawa kwa nyuma, hapana. Bibi zangu mliopo hapa, sisemi hamjui kitu; mnajua mlenda, mnajua kunde, mnajua uji wa mtama na ulezi, na hayo ndiyo nawaomba mwafundishe wakwe zenu.

Udongo pia. Najua hamu inakuja, sijaja kumwaibisha mtu. Lakini udongo unaouzwa sokoni unakaza choo, unashika madini chuma tumboni mwili usiyapate, na unaweza kubeba mayai ya minyoo na hata risasi, ile metali yenye sumu. Hamu hiyo mara nyingi inaandamana na upungufu wa damu, kwa hiyo ukiwa nayo tuambie, tupime damu.

Ikiwa umebadilisha chakula, unakunywa maji, na wiki mbili zimepita bila nafuu, dawa salama zipo. Ipo pumba ya ngano, ambayo ule mwongozo wa 2016 umeitaja. Ipo sharubati iitwayo laktulosi, ambayo haiingii kwenye damu kwa kiasi cha kuhesabika, nayo inafanya kazi kwa kuvuta maji utumboni na kulisha bakteria wale wale niliowaeleza. Zipo na zenye nguvu zaidi, ambazo daktari hutoa kwa siku chache. Duka la dawa lisikuchagulie. Mwambie mhudumu kuwa una mimba na ina miezi mingapi.

Na yapo ambayo hayangoji wiki mbili wala siku mbili. Tumbo linauma sana au linakaza na kuachia, unatokwa damu au maji ukeni, unatapika, tumbo limejaa na hata hewa haitoki, una homa, choo kina damu nyingi, au ni cheusi kinachonata kama lami na harufu kali. Hapo hakuna cha maharage wala parachichi. Ni kituo cha afya, usiku au mchana, na baba atafute usafiri.

Wauguzi wenzangu mliopo, nasi tuulize. Kila hudhurio, baada ya presha na uzito, tumuulize mama: unapata choo? Tuulize kabla hajasimama, na tumpe nafasi ya kujibu.

Baada ya hapa wahudumu watapita na daftari. Mwenye vidonge vya damu vilivyobaki nyumbani, vichache au vingi, avilete kliniki Jumatatu kama vilivyo, kwenye kitambaa chake. Hatutamgombeza mtu. Tutakaa naye, tutaangalia anakula nini na anakunywa maji kiasi gani, tutapima damu, na tutaanza upya naye siku hiyo hiyo. Sasa naomba maswali, tukianza na wale waliokaa nyuma.